Plasmodiamu, tripanosoma, toksoplasma au giadia: uchague kimelea gani kwa utafiti wa seli?

Mwanafunzi wa uzamili anayetaka kuchunguza seli ya kimelea hukutana mapema na swali fupi lenye uzito: kimelea kipi? Hapa kwetu Afrika Mashariki wengi hutaja malaria kabla hujamaliza kuuliza. Wana sababu, maana wameugua, wameuguza, na fedha za utafiti wa malaria ni nyingi kuliko za magonjwa mengine ya vimelea. Lakini ugonjwa unaoua watu wengi hauna lazima ya kuwa na seli inayojibu swali lako vizuri, na nimeshaona utafiti mzuri kwenye karatasi ukifia kwenye chupa ya kuoteshea kwa sababu kimelea na maabara havikuendana.

Ninawalinganisha wanne wenye seli moja. Wa kwanza ni Plasmodium falciparum, wa malaria kali. Wa pili ni Trypanosoma brucei, ambaye matawi yake mawili, rhodesiense na gambiense, huleta malale. Wa tatu ni Toxoplasma gondii, anayekamilisha uzazi wake ndani ya paka na kujificha kwenye misuli na ubongo wa watu. Wa nne ni Giardia duodenalis, wa kuharisha kunakotokana na maji machafu. Leishmania nimemwacha makusudi, kwa kuwa mengi ya seli yake utayakuta kwa ndugu yake tripanosoma.

Vigezo ni vitano: seli yenyewe inakuonyesha nini, inaoteshwaje, jeni zake zinaguswaje, usalama na vibali, na mwisho watu na data. Nimeanza na la kwanza kwa kuwa mashine unaweza kuazima jengo la pili, lakini umbo la seli huwezi kulibadilisha.

Seli inakuonyesha nini

Plasmodiamu huishi katika nyumba tupu. Chembe nyekundu ya damu ya binadamu haina kiini, haina mitokondria, wala haina njia za kusafirishia protini. Kimelea kikishaingia humo kinajijengea njia chenyewe: protini zinavuka utando wake, zinavuka utando wa kifuko kinachokizunguka, kisha zinafika kwenye uso wa chembe na kuotesha vinundu vinavyobeba protini iitwayo PfEMP1. Hiyo ndiyo inayoigandisha chembe kwenye kuta za mishipa midogo ili isipite kwenye wengu ikaharibiwa. Jeni za kuitengeneza, ziitwazo var, ni kama 60, na kwa kawaida hufanya kazi moja tu kwa wakati. Ukipenda kujua jinsi seli moja inavyoitawala nyingine, au jinsi jeni inavyozimwa bila kubadilishwa herufi zake, hapa pana kazi ya maisha.

Jingine ni ulaji. Kimelea humeza himoglobini, huimeng'enya, na kubaki na himu, sehemu yake yenye chuma na sumu, ambayo kimelea huigeuza kuwa fuwele za hemozoini. Klorokwini iliua kwa kuzuia ugandishaji huo, mpaka kimelea kilipopata mabadiliko kwenye pampu ya PfCRT na kuanza kuitoa dawa nje ya kifuko cha chakula. Dawa za jamii ya artemisinini nazo huamshwa na himu hiyo hiyo. Protini ya Kelch13 hukaa kwenye mdomo mdogo wa kumezea himoglobini, na inapobadilika kimelea humeza kidogo, hivyo dawa haiamki vya kutosha. Mabadiliko ya namna hii tayari yameripotiwa Rwanda, kaskazini mwa Uganda na mkoani Kagera. Hapo biolojia ya seli na dawa anayopewa mtoto zahanati zinakutana moja kwa moja. Udhaifu wake ni udogo: mtoto wa kimelea anayetoka kwenye chembe iliyopasuka ana urefu wa mikromita moja na kitu, na kwa hadubini ya kawaida utaona nukta na kivuli.

Tripanosoma hana shida hiyo. Ana urefu wa mikromita 20 hivi, na viungo vyake vingi vikuu viko kimoja kimoja: flajela (mkia wa kuogelea) moja, mitokondria moja ndefu, kifuko kimoja cha flajela. DNA ya mitokondria imekusanyika kwenye kinetoplasti, ambayo hugawanyika kabla ya kiini. Matokeo yake ni zawadi kwa mwanafunzi. Paka rangi ya DNA, hesabu vinetoplasti na viini, na papo hapo unajua seli iko hatua gani ya kugawanyika: kimoja kwa kimoja, viwili kwa kimoja, viwili kwa viwili. Huhitaji kwanza kuzilazimisha seli zote ziende sawa.

Halafu kuna koti lake. Tripanosoma wa kwenye damu amevikwa molekuli kama milioni 10 za protini ya VSG, zote za aina moja, na ana akiba ya zaidi ya jeni 2,000 na vipande vya jeni vya kubadilishia koti hilo. Kingamwili zikimkamata, yeye huendelea kuogelea, na mkondo wa kuogelea kwake huzisukuma nyuma hadi kwenye kifuko cha flajela, zikamezwa. Sijui mfano mwingine wa kinga kukwepwa kwa mwendo tu. Mitokondria yake nayo huhariri RNA, yaani nakala ya jeni inayotumika kutengeneza protini, kwa kuongeza na kuondoa herufi U, jambo lililogunduliwa katika jamii hii ya vimelea mwaka 1986. Lakini kama shauku yako ni jinsi jeni moja moja inavyowashwa, mpite. Jeni zake husomwa kwa misururu mirefu, na udhibiti mwingi hutokea baadaye kwenye RNA.

Toksoplasma ndiye wa kuchunguzia uvamizi. Mbele ana koni ya mikrotubuli (vijirija vya protini) na vifuko vya aina mbili, mikronemi na roptria, ambavyo humwaga vilivyomo kwa zamu. Huingia ndani ya seli kwa muda usiozidi nusu dakika, na unaweza kuutazama mchezo wote kwenye hadubini ukiwa umeketi. Kugawanyika kwake ni kwa ajabu: watoto wawili hujengwa ndani ya mama, kisha mama hutumika kabisa. Ana apikoplasti, mabaki ya mwani mwekundu uliomezwa zamani sana, yenye tando nne. Plasmodiamu naye anayo, na ndiyo maana mengi tuliyoyajua kuhusu apikoplasti ya malaria yalitazamwa kwanza kwa toksoplasma. Uvimbe anaouacha kwenye ubongo, wenye vimelea vinavyokua polepole, ni swali jingine kubwa, ila ni gumu zaidi kulisomea kwenye chupa.

Giadia ana viini viwili, flajela nane, na diski ya kujibandika kwenye ukuta wa utumbo. Hana mitokondria ya kawaida. Amebakiwa na vijivifuko viitwavyo mitosomu, vilivyotambuliwa mwaka 2003, ambavyo haviundi ATP, nishati ya seli, ila vinaunganisha chuma na salfa kwa ajili ya protini. Kwa anayeuliza seli inaweza kupunguza viungo vyake hadi wapi na bado ikaishi, hakuna anayemzidi. Antonie van Leeuwenhoek anadhaniwa kuwa ndiye aliyemwona kwanza, mwaka 1681, kwenye choo chake mwenyewe.

Kuotesha

Hapa ndipo bajeti inaposema ukweli. Plasmodiamu wa damu alioteshwa mfululizo kwa mara ya kwanza mwaka 1976 na William Trager na James Jensen, na kanuni yao haijabadilika sana: chembe nyekundu za binadamu, maji ya virutubisho ya RPMI 1640, joto la 37°C na hewa yenye oksijeni kidogo. Wao walipunguza oksijeni kwa kuwasha mshumaa ndani ya chombo kilichofungwa, na wapo wanaofanya hivyo hadi leo mtungi wa gesi unapochelewa. Mzunguko ni saa 48, na ukitaka vimelea vya umri mmoja unatumia sorbitoli, inayoua vikubwa na kuacha vichanga vya umbo la pete. Kazi ni ya kila siku, Idi na Krismasi zikiwemo. Kwetu kuna tatizo ambalo maabara za Ulaya hazilifikirii sana: mtoa damu anaweza kuwa alimeza dawa ya malaria wiki iliyopita, au ana chembechembe za selimundu za urithi wa mzazi mmoja, na damu yake ikakudumaza utafiti bila wewe kujua sababu. Mtoa damu anayeaminika ana thamani kuliko mashine.

Tripanosoma ana sura mbili maabarani. Wa kwenye damu anataka 37°C na gesi ya kaboni dayoksaidi, hujigawa kila baada ya saa 6 hivi, na ukimwacha akasongamana kupita milioni mbili kwa mililita anakufa. Ukichelewa kumpunguza jioni, asubuhi hakuna kitu. Maji yake ya virutubisho, HMI-9, yalitengenezwa na Hirumi na Hirumi na kuchapishwa mwaka 1989 kutoka ILRAD, taasisi ya Nairobi ambayo leo ni sehemu ya ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo. Kwa maneno mengine, njia inayotumika duniani kote ilitoka hapa hapa. Wa kwenye utumbo wa mbung'o ni mpole zaidi: 27°C hadi 28°C, chupa iliyofungwa, hakuna gesi. Umeme ukikatika Dar es Salaam, chumba chenyewe kinakaribia joto analolitaka. Gharama kubwa kwa wote wawili ni seramu ya ndama.

Toksoplasma anakulazimisha kufuga viumbe wawili. Kwanza unaotesha seli za binadamu, mara nyingi fibroblasti za ngozi, zikishatanda ndipo unamwaga vimelea juu yake. Baada ya siku mbili au tatu zimepasuka zote na unahamisha. Kimelea kilichobaki nje ya seli hudhoofika ndani ya saa chache, kwa hiyo huwezi kukiacha mezani ukaenda mkutanoni. Faida ni kwamba hachagui: karibu seli yoyote yenye kiini inamfaa. Madhara yake unayapima kwa macho tu, kwa kuhesabu matundu aliyoyatoboa kwenye tandiko la seli baada ya wiki moja.

Giadia ndiye wa bei nafuu kwa vifaa. Mirija yenye vifuniko hujazwa virutubisho vyenye nyongo karibu hadi shingoni ili hewa isibaki, kisha inawekwa kwenye 37°C bila gesi yoyote. Kumvuna, tumbukiza mrija kwenye barafu na atabanduka. Mwangalie mara mbili kwa wiki. Anachokasirisha ni bakteria: virutubisho vile ni vitamu kwao pia.

Kugusa jeni

Tofauti hapa ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani wanapoandika pendekezo la utafiti. Toksoplasma wa kukua haraka ana nakala moja tu ya kila jeni, na katika aina zilizoondolewa jeni ya ku80, DNA unayomwingizia hukaa pale pale ulipoilenga. Ukimtumia na CRISPR, mbinu ya kukata na kuhariri jeni, ndani ya wiki mbili au tatu unaweza kuwa na seli uliyoikusudia. Mwaka 2016 jeni zake karibu zote zilijaribiwa kwa mkupuo mmoja ili kuona zipi zinahitajika kwa uhai, na orodha hiyo iko wazi kwa yeyote.

Tripanosoma ana nakala mbili, lakini DNA humwingia vizuri, na tangu mwaka 1998 inajulikana kuwa RNA yenye nyuzi mbili humzimia jeni. Unaweka swichi ya tetrasaiklini, unaiwasha, na unatazama seli ikiharibika saa baada ya saa. Mradi wa TrypTag umeshaweka alama ya kung'aa kwenye karibu protini zake zote na kupiga picha mahali kila moja ilipo. Kabla hujaagiza kemikali yoyote, tafuta protini yako humo.

Plasmodiamu anahitaji subira. Naye ana nakala moja akiwa kwenye damu, lakini DNA ikitaka kumfikia inapita tando nne, na ni kimelea kimoja kati ya laki kadhaa au hata milioni kinachoipokea. Zaidi ya asilimia 80 ya herufi zake ni A na T, jambo linalowatesa wanaobuni vipande vya DNA. Mashine ya kuzima jeni kwa RNA hana. CRISPR ilimfikia mwaka 2014 na mbinu zimeboreka mno, ila panga kungoja wiki kadhaa, pengine miezi, kabla ya kuona seli iliyobadilika. Ukiwa na mwaka mmoja wa maabara, mabadiliko mawili yaliyothibitishwa vizuri ni kazi ya kujivunia.

Giadia, kwa viini vyake viwili vyenye seti mbili kila kimoja, ana nakala nne. Kufuta jeni kabisa kulikuwa karibu haiwezekani kwa miaka mingi. Leo CRISPR inatumika, lakini kwa mwanafunzi ni salama zaidi kupanga kuweka alama kwenye protini au kupunguza kiasi chake tu.

Usalama na vibali

Kwa plasmodiamu, hatari ya kwanza ni damu yenyewe: virusi vya UKIMWI na vya homa ya ini vinaweza kuja nayo, kwa hiyo ipimwe. Kujichoma sindano yenye vimelea hai kunaweza kukupa malaria, ingawa dawa ipo. Kibali cha kamati ya maadili kwa ajili ya damu huchukua muda, anza nacho.

Tripanosoma wa maabara, Trypanosoma brucei brucei, hawezi kumwambukiza mtu wa kawaida. Damu yetu ina protini ya APOL1 inayomtoboa na kumuua. Rhodesiense ameipata jeni ya SRA inayoizuia APOL1, na huyo hapaswi kuguswa na anayejifunza. Hakikisha kwa macho yako ni jina lipi limeandikwa kwenye kichupa kilichotoka kwenye nitrojeni.

Toksoplasma hana mzaha kwa mjamzito asiye na kingamwili zake, wala kwa mwenye kinga dhaifu. Pima damu kabla ya kuanza, vaa miwani, na punguza sindano. Aina ya RH, inayopatikana kwenye maabara nyingi, ilitoka kwa mtoto aliyefariki nchini Marekani, na ukali wake haujaisha. Kazi inayohusu mayai yanayotoka kwa paka iachiwe maabara zilizojengwa kwa ajili hiyo. Giadia ni wa kuogopwa kidogo: kunawa mikono, kutokula maabarani, basi.

Watu na data

Jenomu (seti nzima za DNA) za wote wanne ziko mtandaoni: PlasmoDB, TriTrypDB, ToxoDB na GiardiaDB. Jenomu ya tripanosoma iliyochapishwa mwaka 2005 ni ya aina iliyotokana na mbung'o aliyenaswa Kenya.

Kwa wenzako wa karibu, malaria inaongoza: Kilifi, Kisumu, Ifakara, Bagamoyo, Kampala. Tripanosoma ana watu ILRI, Muguga na Tanga, wengi wakitokea upande wa mifugo kwa sababu ya nagana, ugonjwa wa tripanosoma kwa ng'ombe. Kwa toksoplasma na giadia utawakuta zaidi wanaopima maambukizi kwenye damu, choo na nyama. Wa kukuelekeza seli yenyewe pengine itabidi umtafute mbali na kuonana naye kwa video.

Nani achukue yupi

Una mwaka mmoja, hadubini ya mwanga wa rangi, na umeme wa kubahatisha: chukua tripanosoma wa kwenye utumbo wa mbung'o. Swali liwe la kugawanyika kwa seli, flajela au mitokondria.

Uko kwenye kituo cha malaria chenye watoa damu, mitungi ya gesi na mtu wa kukupokea zamu ya Jumapili: plasmodiamu, hasa kama unataka kuunganisha vimelea vya wagonjwa wa eneo lako na kinachotokea ndani ya seli. Shahada ya uzamivu itakupa nafasi. Ya uzamili itakubana, isipokuwa usibadilishe jeni na ubaki kwenye kupima mwitikio wa dawa na umbo la seli.

Maabara yako ni ya saratani au virusi, na tayari inaotesha seli za binadamu: toksoplasma ataingia bila kununua kifaa kipya. Ukiwa mjamzito au unatarajia, na vipimo vinaonyesha huna kingamwili, basi chagua kati ya tripanosoma na giadia.

Chuo chako kina inkubeta moja isiyo na gesi na bajeti ya kemikali ya darasa la vitendo: giadia. Atakupa maswali ya diski, mitosomu na jinsi ganda la nje linavyojengwa anapojiandaa kutoka mwilini, na wanaoshindana nawe ni wachache.

Na kama jeni unayoitaka ni ya malaria lakini muda ni mdogo, angalia kwanza kama ipo pia kwa toksoplasma. Nyingi za uvamizi na za apikoplasti zipo kwa wote wawili. Ifute kwa toksoplasma, tazama kinachoharibika, halafu peleka swali moja tu, lililokwisha kuchujwa, kwa plasmodiamu. Kwenye pendekezo andika wazi kwamba hatua ya pili inategemea ya kwanza, na tayarisha kibali cha damu tangu mwanzo ili kisije kikakusubirisha katikati.